Mteja Akisema "Nataka Bolti Namba 10", Usitume Kwanza

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, leo tuongelee kitu kidogo ambacho wengi wetu tunakiweka mwisho kabisa kwenye orodha ya bidhaa: bolti na nati za mashine za bustanini. Nazungumzia zile mashine za kufyekea za kubeba begani, chenso, mashine za kukatia michongoma na zile za kusukuma za nyasi za uwanjani. Mimi nauza spea zake kwa WhatsApp na Instagram, mzigo nachukua Kariakoo, na wateja wangu wengi wako mikoani. Hakuna spea inayoleta maswali mengi kuliko bei yake kama bolti. Mtu ananunua kitu cha shilingi 500, analipa nauli ya basi shilingi 5,000, kikifika hakiingii. Hapo hata kama kosa ni lake, jina linaloharibika ni lako.

Na msimu ndiyo huu unaokuja. Masika ikishika, majani yanapanda, mafundi wa kufyeka wanafanya kazi asubuhi hadi jioni, na bolti zinaanza kudondoka moja moja. Mfyekaji analipwa kwa kiwanja au kwa siku. Mashine ikisimama kwa sababu ya bolti moja, siku hiyo hana kitu cha kupeleka nyumbani. Kwa hiyo anayekutumia meseji saa nne usiku ana haraka, na haraka yake ndiyo inayokufanya na wewe utume bila kuuliza.

Tuanze na hiyo namba.

Fundi wetu wa mtaani haiti bolti kwa unene wake. Anaiita kwa spana inayoifungua. Akikuambia "bolti namba 10" maana yake bolti ambayo kichwa chake kinashikwa na spana namba 10, na hiyo dukani ni M6, yaani unene wa milimita 6. Wewe ukifungua boksi la M10 ukamtumia, umemtumia dude ambalo halitapita hata kwenye tundu la kava. Hili ndilo linalorudisha mizigo mingi kuliko yote. Ziandike mahali: spana namba 8 ni M5. Namba 10 ni M6. Namba 13 ni M8, lakini kwenye mashine za Kijapani M8 inaweza kuwa na kichwa cha namba 12. Namba 17 ni M10, ila kuna M10 za kichwa cha 16, na za Kijapani za kichwa cha 14. Ukishaona namba 12, 14 au 16, usibahatishe, omba picha.

Kwa bolti zile za tundu la pembe sita kichwani, ambazo mafundi wanaziita bolti za alenki, hesabu ni nyingine. Alenki namba 4 ni M5, alenki namba 5 ni M6, alenki namba 6 ni M8. Mashine nyingi za kufyekea za Kichina, zile za 43cc na 52cc mnazoziona kila duka, zimejaa M5 na M6 za aina hii. Kwa hiyo mteja akisema "bolti namba 5" anaweza kuwa na maana ya M6! Swali langu la kwanza siku zote ni moja tu: "Bosi wangu, hiyo namba ni ya spana, ya alenki, au umepima unene wa bolti yenyewe?" Sentensi hiyo nimeihifadhi kwenye simu kama jibu la haraka. Inaokoa kazi kubwa.

Unene pekee haujatosha, maana kuna meno. Umbali kutoka jino hadi jino la sredi ndio unaoamua kama bolti itaingia au itakula sredi ya mashine. Kwa kawaida M5 ina umbali wa milimita 0.8, M6 ina 1.0, M8 ina 1.25 na M10 ina 1.5. Hizo ndizo za kawaida, ndizo zilizojaa sokoni. Lakini kuna sredi laini, meno yaliyobanana zaidi: M8 ya 1.0, M10 ya 1.25 na M10 ya 1.0. Kwenye mashine za bustani sredi laini zinajificha pale pale penye hatari, kwenye shafti ya kisu. Mashine nyingi za kufyekea za Kichina zinatumia M10 ya 1.25 kwenye nati ya kisu. Ukimpa fundi nati ya M10 ya kawaida ya 1.5, itaingia mzunguko mmoja au miwili, itakaza, ataongeza nguvu akidhani ni kutu. Meno ya shafti yakiliwa, hapo siyo nati tena, ni giaboksi nzima.

Halafu kuna inchi. Mashine za kusukuma za mtumba zinazotoka Uingereza na Marekani nyingi zina injini ya Briggs & Stratton, na Wamarekani wale hupima kwa inchi. Utakutana na 1/4 yenye meno 20 kwa inchi, 5/16 yenye meno 18, na 3/8 yenye meno 24 kwenye bolti inayoshika kisu. Sasa sikiliza ubaya wake. Bolti ya 5/16 ni milimita 7.94. Ukiipima kwa vernia unapata kitu kama 7.8, na M8 nayo inakupa 7.8 hadi 7.9. Vernia haiwezi kukutofautishia! Tofauti iko kwenye meno tu. Hesabu mianya kumi, yaani kutoka kilele cha jino la kwanza hadi kilele cha jino la kumi na moja. M8 ya kawaida inatoa milimita 12.5. Ile ya 5/16 inatoa milimita 14.1. Tofauti ya milimita moja na nusu hata rula ya mwanafunzi inaiona.

Ndiyo maana mimi siombi "picha ya bolti". Naomba picha ya bolti ikiwa imelazwa kando ya rula, simu ikiwa juu yake wima, isiegemee upande, na picha ya pili ya kichwa kutoka juu. Mteja asiye na rula namwambia aende kwa mtoto wa shule yeyote. Ukipata picha hizo mbili umeshapata unene, urefu, meno na alama ya nguvu kwa mpigo mmoja. Na kama bolti imepotea, imedondoka kwenye majani huko, apige picha ya bolti jirani inayofanana nayo na tundu lenyewe. Mashine ina mapacha mengi: bolti ya kushoto ya ekzosi ikidondoka, ya kulia ndiyo shahidi.

Urefu nao una sheria yake. Bolti yenye kichwa kinachokaa juu inapimwa kuanzia chini ya kichwa hadi ncha, kichwa hakihesabiwi. Ile ya kichwa kinachozama, kile kilichochongoka kama faneli, inapimwa pamoja na kichwa. Msiseme "ndefu kidogo haina shida". Ina shida. Bolti ikiwa ndefu inafika mwisho wa tundu kabla kichwa hakijabana kava. Fundi anasikia imekaza, anaridhika, kumbe imekaza chini na juu kumelegea. Dakika kumi za kazi kava linaanza kupiga kelele. Ikiwa fupi nayo inashika meno matatu ya aluminiamu, inayang'oa. Kwenye mwili wa aluminiamu inatakiwa sredi iliyoshika iwe na kina cha kama mara moja na nusu hadi mara mbili ya unene wa bolti. Kwa M6 ina maana milimita 9 hadi 12 ndani. Mteja achomeke kijiti kwenye tundu, apime kina, ajumlishe unene wa kava na washa. Hapo hamgombani.

Sasa kwa nini hizi bolti zinalegea hivyo, tofauti na bolti za kitanda? Hapa naomba mnivumilie kidogo, maana ukielewa hili utajua cha kumuuzia mtu na cha kumkatalia.

Injini ya mashine ya kufyekea ikizunguka mara 7,000 kwa dakika, inatikisa zaidi ya mara 116 kwa sekunde moja. Kwa saa moja ni mitikisiko 420,000. Bolti iliyokazwa vizuri inafanya kazi kama springi: umeivuta ikarefuka kidogo sana kwa jicho lisiloona, na ile hamu yake ya kurudi ndiyo inayobana vipande viwili pamoja. Mwaka 1969 mhandisi wa Kijerumani Gerhard Junker alionyesha kwamba kinacholegeza bolti zaidi ya yote ni mtikisiko wa kwenda pembeni, yaani vile vipande viwili vinapoteleza kimoja juu ya kingine kushoto kulia. Kila vikiteleza, msuguano unaoishikilia bolti unapotea kwa nukta moja, na sredi ni mteremko, kwa hiyo inashuka kidogo. Mara laki kadhaa kwa saa, kidogo kidogo, hadi iko chini kwenye majani.

Kutokana na hapo unapata mambo mawili ya biashara. La kwanza: dawa ya kwanza ya kulegea ni bolti yenye nguvu inayoweza kukazwa ipasavyo, vipande visiteleze kabisa. Bolti laini ukiikaza inanyooka kama ubani, haibani. La pili: ile washa ya springi iliyokatwa, ambayo kila fundi anaiamini, haizuii kulegea kama tunavyodhani. Ukiikaza inalala bapa na kuanzia hapo ni washa ya kawaida tu. Kitabu cha NASA cha usanifu wa bolti cha mwaka 1990 kiliandika wazi kwamba kwa kazi ya kuzuia kulegea haina msaada. Mimi bado naziuza kwa sababu wateja wanaziomba na hazidhuru. Ila mtu akiniambia mashine inamsumbua kwa kulegea, simpi washa ya springi nikamwambia tatizo limeisha.

Ninachompa kinategemea sehemu. Kwenye kava, mpini na kabureta, gundi ya nati ya nguvu ya kati, ile ya bluu, inafanya kazi nzuri sana. Inakauka ikikosa hewa ikiwa katikati ya chuma na chuma, ndiyo maana kwenye chupa haigandi na chupa yenyewe huwa imejazwa nusu. (Wateja wananilalamikia kila mara: "dada, umenipa chupa nusu". Andikeni kwenye tangazo mapema kwamba inatoka kiwandani hivyo.) Sredi lazima isafishwe mafuta kwanza, la sivyo ni kupaka lipstiki. Na isiguse plastiki, baadhi ya plastiki zinapasuka. Ile nyekundu ni ya nguvu kubwa, kuifungua mpaka upashe moto mkali. Sipendi kumuuzia fundi wa nyumbani nyekundu kwa ajili ya bolti ndogo ya M5, ataikata kichwa siku ya kufungua.

Nati ya plastiki, ile yenye pete ya nailoni ndani, ni nzuri kwenye mpini na mkanda wa begani. Mwisho wake ni joto la kama nyuzi 120, kwa hiyo kwenye ekzosi inayeyuka na kubaki nati ya kawaida. Wala isirudiwe rudiwa. Ukiweza kuizungusha kwa vidole hadi mwisho, imekufa. Gundi ya bluu nayo kwenye ekzosi haidumu. Kwa ekzosi kinachosaidia ni nati ya chuma kitupu iliyominywa ili ishike, au washa zile pacha zenye meno ya ngazi, na urefu sahihi wa bolti, na gasketi nzima. Fundi akaze tena mashine ikishapoa baada ya kazi ya kwanza. Mteja wa ekzosi akirudi kwako mara ya tatu, usifurahie mauzo, mwulize hali ya gasketi na zile raba za kuzuia mtikisiko. Raba ikichoka, hata ukimpa bolti ya dhahabu itakatika.

Tuje kwenye namba za nguvu, maana hapa ndipo wauzaji wa jumla wanatuchezea. Kichwani mwa bolti kuna 4.8, 8.8, 10.9 au 12.9. Namba ya kwanza ukiizidisha kwa 100 unapata nguvu ya kukatika kwa kipimo cha megapaskali: 8.8 ni 800. Namba ya pili inakuambia inaanza kunyooka moja kwa moja ikifika sehemu gani ya hiyo: 8.8 ni asilimia 80, yaani 640. Ile 10.9 inakatika kwa 1,000 na kunyooka kwa 900. Ile 4.8 inakatika kwa 400, nusu ya 8.8. Kwa macho zote zinang'aa sawa. Rangi haisemi kitu: njano, fedha au nyeusi ni mipako ya kuzuia kutu. Bolti nyeusi ya alenki mara nyingi ni 12.9 lakini soma, usidhani.

Bolti ya kweli ya 8.8 kwenda juu, kuanzia M5, inatakiwa iwe na namba hiyo na alama ya mtengenezaji juu ya kichwa. Kuna jumla mmoja niliwahi kuchukua kwake boksi limeandikwa 8.8 kwa nje, ndani vichwa vitupu kabisa, peupe kama sahani. Nilipouliza akaniambia "mashine ya kuandika iliharibika siku hiyo". Nilirudisha. Bolti isiyo na alama mimi naiuza kama isiyo na alama, kwa bei yake, kwa kazi ya kufungia kibanda. Sasa hivi nafungua boksi mbele ya muuzaji, nachukua tano kutoka katikati, siyo za juu, nasoma vichwa. Dakika mbili tu. Za inchi hazina namba, zina mistari: mitatu ni gredi 5, sita ni gredi 8, na kichwa kitupu ni dhaifu.

Wateja wa Zanzibar, Tanga na pwani yote wanapenda stenlesi kwa sababu ya chumvi. Nawaelewa, na naziuza. Ila iliyojaa sokoni imeandikwa A2-70, ambayo inakatika kwa 700 na kuanza kunyooka kwa kama 450. Ni laini kuliko 8.8. Kwenye kava sawa. Kwenye kisu hapana. Pia stenlesi kwa stenlesi ikikazwa kavu inaweza kung'ang'ana sredi ikagoma mbele na nyuma, kwa hiyo ipakwe grisi kidogo. Na ikikaa kwenye mwili wa aluminiamu penye maji ya chumvi, anayeliwa ni aluminiamu. Bolti itabaki inang'aa, tundu limekuwa unga. Ukimwambia mteja wa Paje hivyo kabla hajanunua, atakuamini kwa vitu vingine vyote.

Na kwa upande mwingine, msiuze 12.9 kila mahali kwa sababu ina bei. Ukiingiza 12.9 kwenye aluminiamu, kinachong'oka kwanza ni sredi ya aluminiamu, nguvu ya bolti hujaitumia. Mtengenezaji aliweka 8.8 pale akijua. Fundi apewe na kipimo cha kukaza: kwa 8.8 kwenye chuma, M5 ni kama Nm 5.5, M6 ni kama 10, M8 ni kama 25, na kwenye aluminiamu apunguze. Wengi hawana spana ya kupimia, basi mwambie alenki fupi, nguvu ya mkono, asitie bomba.

Kuna bolti nyingine usiziguse bila kujua: zile za plastiki. Kwenye chenso na mashine za Stihl utaona skrubu zenye tundu la nyota, T27, nyingine zina meno makubwa yaliyoachana kwa sababu zinaingia moja kwa moja kwenye plastiki. Fundi akikosa anaweka M5 ya kawaida, inashika leo, kesho tundu limekuwa pana kama pua. Hizo ziuze kwa jina la mashine na sehemu, picha tatu, basi.

Sasa kisu. Hapa mimi nina msimamo na umeshanipotezea mauzo.

Kuna kaka mmoja, mfyekaji, alinitumia meseji ya sauti. Nati ya kisu imekula sredi, kesho ana kazi ya eneo kubwa la shule, akaomba nati "yoyote ya 10", yeye atafunga na waya juu yake. Nikamwambia hiyo nati ni ya kushoto. Sredi yake inakwenda kinyume, ili mzunguko wa kisu uikaze badala ya kuilegeza, na kuifungua unazungusha kulia. Nati ya kawaida haitaingia hata kwa nyundo, na sina ya kushoto ya kumtumia usiku ule. Akasema basi nimpe bolti na nati nyingine, atachomelea. Nikakataa. Akanijibu, "We dada, unauza nati au unauza maneno?" Niliumia, sitaki kuwadanganya, maana najua ile kazi ilikuwa na maana gani kwake.

Lakini pigeni hesabu na mimi. Kisu cha upana wa sentimita 25.5 kikizunguka mara 5,000 tu kwa dakika, ncha yake inakwenda takribani kilomita 240 kwa saa. Ni eneo la shule. Nilimtafutia muuzaji mwingine wa mji wake mwenye nati ya kushoto, nikamtumia namba yake. Nati akanunua huko, shilingi sikupata. Baadaye alirudi kununua kamba na kabureta, na sasa ndiye anayeniletea wenzake, lakini hata asingerudi jibu langu lingekuwa lile lile. Nati ya kisu, ile bakuli la chini yake na bolti ya kisu cha mashine ya kusukuma naviuza vya mashine husika tu, kwa sredi iliyothibitishwa, vipya. Sichanganyi na boksi la bolti za jumla, na chakavu sichukui.

Kumtambulisha mteja sredi ya kushoto kwa picha ni rahisi. Ashike shafti wima. Mistari ya meno ikipanda kuelekea kulia, ni ya kawaida. Ikipanda kuelekea kushoto, ni ya kushoto. Mwambie asitume picha ya kamera ya mbele, simu nyingine zinageuza picha kama kioo na hapo utamuuzia kinyume!

Kuhusu tangazo lenyewe, niwaonyeshe ninavyoandika. Sio "Bolti za mashine ya majani, bei poa, karibuni". Naandika hivi:

"Bolti ya alenki M6 × 25, meno ya 1.0, nguvu 8.8, nyeusi. Inafunguliwa na alenki namba 5. Urefu 25 ni kuanzia chini ya kichwa. Inafaa kava na mpini wa mashine nyingi za kufyekea 43cc na 52cc. Pima ya zamani kabla ya kuagiza. SIYO ya kisu. Pakiti ya 10."

Picha ya kwanza ni bolti juu ya rula. Ya pili ni kichwa kwa karibu namba isomeke. Ya tatu ni bolti ikiwa mahali pake kwenye mashine. Tangu niandike "pima ya zamani kabla ya kuagiza" maswali yamepungua, na yanayobaki ni ya watu wanaonunua kweli.

Moja moja haina faida, nauli inaila. Ninachouza zaidi ni seti: M5 za urefu wa 16, 20 na 25, M6 za 20, 25 na 30, washa bapa zake, nati chache za plastiki na kachupa kadogo ka gundi ya bluu. Fundi anaweka kwenye begi lake, siku bolti ikidondoka anaendelea na kazi. Kila urefu kwenye kifuko chake, na karatasi ndogo ndani imeandikwa kwa mkono "M5 × 20 – alenki 4". Bolti zikichanganyika kwenye pakiti moja atakupigia simu kila jioni akuulize ipi ni ipi. Tumia vifuko vizito pia, bolti zikitikiswa kwenye basi kutoka Dar hadi Mbeya zinatoboa nailoni laini na mteja anapokea kifurushi chepesi.

Nati za kushoto zinakaa peke yake kwangu, kwenye kopo jekundu, juu ya rafu. Kila ninayoituma inakwenda na karatasi: KUFUNGUA ZUNGUSHA KULIA, KUKAZA ZUNGUSHA KUSHOTO, ZIMA MASHINE NA CHOMOA WAYA WA PLAGI KWANZA. Na kabla sijafunga kifurushi naijaribu kwenye kipande cha shafti chakavu nilichopewa na fundi, kimelala hapo hapo mezani. Ikizunguka laini hadi mwisho, inaondoka.